Homa ya ini: Virusi vinavyoliharibu ini kimyakimya kwa miaka mingi

INI halina neva za kuhisi maumivu ndani yake. Laweza kukaa na majeraha kwa miaka 20, likapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, na mwenye ini akaendelea kulima, kufunza darasani, kuendesha matatu au kubeba mizigo sokoni bila kushuku lolote. Kinachohisi maumivu ni utando mwembamba tu unaolifunika kiungo hicho, nao hauumi mpaka ini livimbe na kuuvuta. Ndiyo sababu maradhi ya ini yanayosababishwa na virusi, ambayo madaktari huyaita hepatitisi na wengi humu nchini huyajua kama homa ya ini, hugunduliwa mara nyingi wakati ambapo hakuna mengi yanayoweza kufanywa.

Waswahili wa tangu jadi waliliona ini kuwa makao ya hisia, na hadi leo jambo la kuhuzunisha husemwa kuwa limemkata mtu maini. Kwa maradhi haya mambo ni kinyume: maini hukatika na mwenyewe asihisi chochote.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliyotolewa Aprili 2024 ilikadiria kuwa watu milioni 1.3 walifariki mwaka 2022 kutokana na virusi vya hepatitisi, idadi inayolingana na ya waliouawa na kifua kikuu. Kati ya vifo hivyo, asilimia 83 vilitokana na virusi vya aina ya B na asilimia 17 vikatokana na aina ya C. Watu milioni 254 walikuwa wakiishi na hepatitisi B, na milioni 50 wakiwa na C. Bara la Afrika pekee lilibeba asilimia 63 ya maambukizi mapya ya aina ya B. Hata hivyo, ni nadra kusikia maradhi haya yakizungumziwa matangani au kwenye mikutano ya hadhara jinsi Ukimwi na malaria zinavyozungumziwa. Aliyefariki husemwa tu kuwa "tumbo lilijaa maji."

Kazi za ini

Ini la mtu mzima huwa na uzito wa takriban kilo moja na nusu, nalo hukaa upande wa kulia, chini ya mbavu. Kila dakika karibu lita moja na nusu ya damu hupita ndani yake. Sehemu kubwa ya damu hiyo hutoka matumboni ikiwa imebeba kila kilichoyeyushwa kutokana na chakula, dawa na vinywaji, na ini ndilo la kwanza kuipokea kabla haijaenezwa mwilini. Huchuja sumu, huhifadhi sukari na kuitoa mtu anapokaa na njaa, hutengeneza protini zinazoigandisha damu ya jeraha, na hutengeneza nyongo ya kuyeyusha mafuta.

Kazi moja miongoni mwa hizo ndiyo inayoeleza dalili inayojulikana zaidi. Chembe nyekundu za damu huishi kwa takriban siku 120. Zinapokufa, rangi iliyomo ndani yake huvunjwavunjwa na kuacha uchafu wa manjano uitwao bilirubini. Ini huukusanya uchafu huo, huutia katika nyongo na kuumwaga utumboni, ambako hugeuka na kukipa choo rangi yake ya kawaida. Ini likishindwa na kazi hiyo, bilirubini hubaki katika damu. Sehemu nyeupe ya macho huwa manjano, mkojo huwa wa rangi ya chai isiyotiwa maziwa, nacho choo hupauka kama udongo wa mfinyanzi. Kwa mtu mweusi ngozi haitoi ushahidi wa kuaminika, hivyo macho ndiyo ya kuangaliwa, tena kwenye mwanga wa jua.

Hapa pana mkanganyiko wa majina unaowapotosha wengi. Homa ya manjano ni maradhi mengine kabisa, yanayoenezwa na mbu, na ndiyo yaliyozuka katika Bonde la Kerio na Baringo kati ya mwaka 1992 na 1993. Nayo huliathiri ini na kuyageuza macho, lakini kirusi chake na chanjo yake ni tofauti. Isitoshe, malaria kali, ugonjwa wa selimundu na mawe katika kifuko cha nyongo vyaweza kuleta umanjano uo huo. Mtu akiona macho yamegeuka rangi hana budi kupimwa. Kukisia tu hakutoshi.

Virusi vitano, njia mbili

Virusi vinavyojulikana kulenga ini ni vya aina tano, navyo vimepewa herufi A, B, C, D na E. Ingawa vyote huishi katika kiungo kimoja, havina undugu wa karibu, na njia zake za kuingia mwilini ni mbili tu.

A na E huingia kwa kinywa. Hutoka katika choo cha mgonjwa na kumfikia mwingine kupitia maji yaliyochafuliwa, chakula kilichoandaliwa kwa mikono isiyonawiwa au mboga zilizooshwa kwa maji ya mtaro. Katika maeneo yenye uhaba wa maji safi, watoto wengi hupata aina ya A wakiwa wadogo bila hata kuugua, na baada ya hapo huwa na kinga ya maisha. Mtu mzima asiye na kinga hiyo ndiye anayeugua kwa wiki kadhaa: homa, uchovu, kichefuchefu, kisha macho ya manjano. Karibu wote hupona na ini likarudi katika hali yake.

Aina ya E ni hatari zaidi kwa kundi moja la watu. Mwanamke mjamzito aliyefika miezi mitatu ya mwisho akiambukizwa, uwezekano wa kufariki hupanda hadi kati ya asilimia 20 na 25. Kenya imewahi kuushuhudia mlipuko wa aina hii katika kambi za wakimbizi za Dadaab mnamo 2012, ambapo msongamano wa watu na upungufu wa vyoo na maji safi ulivipa virusi nafasi ya kuenea. Maji yaliyochemshwa na mikono iliyonawiwa kwa sabuni ndiyo kinga iliyo karibu na kila mtu.

B, C na D huingia kwa damu na majimaji mengine ya mwili. Mama huweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua. Watoto huambukizana wakiwa wanacheza na vidonda vibichi. Watu wazima huambukizana kwa kujamiiana bila kinga, kwa sindano zilizotumiwa na wengine, kwa wembe mmoja wa kunyolea, kuchanja chale au kutahiria watu wengi, na kwa mswaki wa kuazimana. Kirusi cha B kinaweza kuishi nje ya mwili kwa muda usiopungua siku saba. Tone la damu lililokauka kwenye wembe, hata lisiloonekana kwa macho, bado ni hatari wiki nzima baadaye.

Aina ya D ni ya ajabu kidogo. Haiwezi kujitegemea, kwa maana haina uwezo wa kutengeneza gamba lake la nje na hulazimika kuazima la B, mithili ya mgeni asiyeingia mjini mpaka avae kanzu ya mwenyeji. Mtu asiye na B hawezi kupata D. Lakini aliye na vyote viwili ini lake huharibika kwa kasi zaidi.

Vita ndani ya ini

Wengi hudhani kuwa kirusi hulila ini kama mchwa alavyo mbao. Sivyo ilivyo kwa aina ya B. Kirusi hicho huingia ndani ya seli ya ini, hupenya hadi kwenye kiini chake, huhifadhi humo nakala ya maagizo yake, kisha huigeuza seli hiyo kuwa karakana ya kutengeneza virusi vingine. Seli haifi kwa sababu hiyo. Huendelea na kazi zake za kila siku huku ikimhudumia mgeni.

Anayeiua seli ni askari wa mwili wenyewe. Kinga ya mwili inapotambua kuwa seli fulani imevamiwa, haina namna ya kumtoa adui na kuiacha nyumba salama, hivyo huiteketeza nyumba pamoja na aliyemo. Dalili zote za homa ya ini, tangu uchovu hadi macho ya manjano, ni moshi wa moto huo.

Kutokana na hali hiyo, umri wa mtu anapoambukizwa huamua karibu kila kitu kitakachofuata. Mtu mzima mwenye afya ana kinga iliyokomaa. Huupiga vita uvamizi huo kwa ukali, pengine huugua sana kwa wiki chache, na katika visa zaidi ya 95 kati ya 100 virusi hushindwa katika muda wa miezi sita. Mtoto mchanga ni kinyume chake. Kinga yake haijajua bado kutofautisha kati ya mwenyeji na mgeni, na kirusi kinachoingia siku ya kuzaliwa hupokewa kana kwamba ni mmoja wa wenyeji. Hakuna vita, hakuna homa wala macho ya manjano. Mama huona mtoto mwenye afya tele. Lakini takriban watoto 9 kati ya 10 wanaoambukizwa namna hiyo hubaki na virusi maisha yao yote.

Amani hiyo haidumu. Miaka 20 au 30 baadaye kinga huamka na kuanza kuzishambulia seli zilizovamiwa. Vita hupamba moto kwa miezi, hutulia, kisha huanza tena, na mwenye mwili hana habari. Ini limejaliwa uwezo usio na mfano wa kujijenga upya: hata daktari wa upasuaji akiondoa theluthi mbili yake, sehemu iliyobaki hukua na kufikia tena ukubwa wa awali. Tatizo ni kwamba ujenzi unaorudiwarudiwa huacha makovu. Kila shambulio huacha nyuzi ngumu kidogo mahali palipokuwa na seli laini, na nyuzi hizo zikikutana huligawa ini katika vinundu vigumu. Hali hii ndiyo iitwayo sirosisi.

Ini lililokakamaa haliipitishi damu vizuri. Damu inayotoka matumboni hurudi nyuma kama maji ya mto uliozibwa, na shinikizo lake husukuma majimaji nje ya mishipa mpaka tumbo likajaa. Mishipa midogo ya koo la chakula hufura, na ikipasuka mgonjwa hutapika damu. Sumu zisizochujwa hufika ubongoni, na mtu akaanza kuchanganyikiwa, kulala mchana na kukesha usiku, au kusema maneno yasiyo na mpango. Si ajabu kwamba katika sehemu nyingi hali hii huchukuliwa kuwa ni kurogwa, na miezi ya thamani hupotea kwa waganga. Familia nyingine huamua kuwa marehemu alikuwa mlevi wa siri. Pombe huliharibu ini kweli, na huharakisha madhara ya virusi, lakini wapo wasioonja hata tone wanaofariki kwa sirosisi, na aibu wanayoachiwa jamaa zao haina msingi.

Mwisho wa njia hii kwa baadhi ya wagonjwa ni saratani. Kirusi cha B kina hila ya ziada: vipande vya maagizo yake hujipachika ndani ya vinasaba vya seli ya ini na kuvuruga utaratibu wa seli hiyo wa kukua. Hivyo mtu anaweza kupata saratani ya ini hata kabla ya kufikia sirosisi, na barani Afrika wengi huipata wakiwa bado katika umri wa kufanya kazi na kulea watoto. WHO hukadiria kuwa kati ya asilimia 20 na 30 ya watu wazima walio na maambukizi sugu ya B hatimaye hupata sirosisi au saratani.

Mahindi yenye ukungu

Kuna kitu kingine katika jikoni za Wakenya kinachoshirikiana na kirusi hiki. Mwaka 2004, wakazi wa Makueni, Kitui na maeneo jirani walianza kufika hospitalini wakiwa na macho ya manjano. Ilipobainika chanzo ni nini, ilikuwa si virusi bali sumukuvu, ile sumu iitwayo aflatoksini inayotokana na ukungu unaoota kwenye mahindi yaliyohifadhiwa kabla ya kukauka vizuri. Watu 317 waliugua na 125 wakafariki.

Tukio hilo lilikumbukwa kwa sababu watu walikufa wengi kwa mara moja. Lakini sumukuvu kwa kiwango kidogo, inayoliwa kila siku katika ugali na uji bila kuonekana wala kubadilisha ladha, hufanya kazi ya polepole. Huharibu vinasaba vya seli za ini, na kwa mtu mwenye hepatitisi B madhara yake katika kuleta saratani huongezeka maradufu mara nyingi kuliko kwa mtu asiye na virusi. Kwa hiyo suala la kukausha mahindi na kuyaweka mahali pasipo unyevu si la kilimo pekee. Kwa familia ambayo mmoja wao ana virusi, ni sehemu ya matibabu.

Saa 24 za kwanza

Kirusi cha B kilianza kufahamika mnamo miaka ya 1960, wakati mtafiti wa Marekani, Baruch Blumberg, alipokuta protini ngeni katika damu ya mzawa asilia wa Australia. Baadaye ilithibitishwa kuwa protini hiyo ilikuwa gamba la kirusi. Ugunduzi huo ulimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1976, na siku yake ya kuzaliwa, Julai 28, ndiyo inayoadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Hepatitisi Duniani. Muhimu zaidi, gamba hilo ndilo lililotumiwa kutengeneza chanjo, ambayo iliidhinishwa Marekani mwaka 1981. Kwa kuwa huzuia chanzo kikuu cha saratani ya ini, hiyo ilikuwa mojawapo ya chanjo za kwanza za kuzuia saratani kwa binadamu.

Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984. Wakati huo karibu mtoto mmoja kati ya kila 10 alikuwa na virusi. Miongo miwili baadaye idadi ilikuwa imeshuka hadi karibu mmoja kati ya 100, na saratani ya ini miongoni mwa watoto ikapungua pia.

Kenya iliiingiza chanjo hii katika ratiba ya watoto mwishoni mwa 2001, ikiwa ndani ya sindano moja inayokinga maradhi matano, ambayo hutolewa mtoto anapofikisha wiki 6, 10 na 14. Hatua hiyo imewaokoa wengi. Hata hivyo, ina mambo mawili yanayostahili kufahamika. Kwanza, Wakenya waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni, na walio wengi hawajawahi kuitafuta ukubwani. Pili, wiki sita ni kuchelewa kwa mtoto ambaye mama yake ana virusi. Maambukizi hutokea wakati wa kujifungua, mtoto anapogusana na damu ya mama, na ili chanjo imwahi yapasa kudungwa mapema, kabla virusi havijajikita katika ini. WHO ilipendekeza mwaka 2009 kwamba kila mtoto apewe dozi ya kwanza ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa. Ripoti ya 2024 ilionyesha kuwa katika kanda ya Afrika ni asilimia 18 tu ya watoto wachanga waliokuwa wakiipata dozi hiyo.

Pengo hilo linauma kwa sababu kifaa chenyewe kipo na si ghali. Linalohitajika ni mama kupimwa kliniki mapema akiwa mjamzito, jinsi anavyopimwa HIV na kaswende. Akipatikana na virusi vingi, hupewa tembe za kuvipunguza kabla ya siku ya kujifungua, na mtoto hudungwa chanjo siku hiyo hiyo. Mjamzito ana haki ya kuuliza waziwazi kama kipimo cha hepatitisi B kimefanywa na kama chanjo ya siku ya kwanza inapatikana mahali anapotarajia kujifungulia. Pasipo nayo, ni afadhali kulijua hilo miezi mitatu kabla kuliko kulijua usiku wa uchungu. Kunyonyesha hakukatazwi.

Aina ya C: sindano zilizoleta maafa

Hepatitisi C haina chanjo, lakini ina dawa ya kuiponya. Kirusi chake kilitambuliwa mwaka 1989, na watafiti watatu waliohusika, Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice, walituzwa Nobel mwaka 2020.

Mfano wa kusikitisha zaidi wa aina hii ulitokea Misri. Kuanzia miaka ya 1950 hadi miaka ya 1980, serikali ilifanya kampeni kubwa ya kutibu kichocho miongoni mwa wakulima wa bonde la mto Nile kwa kuwadunga dawa. Sindano zilitumiwa tena na tena bila kutakaswa ipasavyo, na nchi hiyo ikawa miongoni mwa zilizoathiriwa zaidi duniani. Nia ilikuwa njema. Kirusi chenyewe kilikuwa hakijajulikana. Mnamo 2018 Misri ilianza kuwapima watu wazima nchi nzima na kuwatibu bila malipo, na mwaka 2023 WHO iliitambua kuwa imepiga hatua kubwa katika safari ya kuutokomeza ugonjwa huo.

Humu nchini aina ya C imewaathiri zaidi wanaojidunga heroini katika miji ya Pwani na jijini Nairobi, ambao huazimana sindano. Tembe za kisasa, ambazo zilianza kupatikana mwishoni mwa 2013, huwaponya zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100 kwa muda wa wiki 8 hadi 12.

Aliyepatikana na virusi

Kipimo cha hepatitisi B huhitaji tone la damu, na majibu huwa tayari kwa dakika chache. Wapo wanaojikuta na virusi bila kutarajia: aliyejitolea kutoa damu, au kijana aliyekwenda kupimwa afya ili asafiri kufanya kazi katika nchi za Ghuba, ambako hepatitisi B na C zimo katika orodha ya vipimo. Kijana huyo huambiwa kwamba hafai kusafiri, hupewa karatasi, na mara nyingi hurudi nyumbani bila kuelezwa maana yake.

Maana yake si hukumu ya kifo. Kipimo hurudiwa baada ya miezi sita, na virusi vikiwa bado vipo, huo ni ugonjwa sugu unaohitaji kuchunguzwa. Daktari hupima vimeng'enya vya ini na wingi wa virusi katika damu, kisha huamua kama dawa zaanza mara moja au kama mgonjwa ataendelea kuangaliwa. Si kila mwenye virusi huhitaji tembe. Anayezihitaji hupewa aghalabu tenofovir, dawa ile ile inayotumiwa na wanaoishi na HIV. Haiwezi kuzifuta nakala zilizofichwa ndani ya kiini cha seli, na kwa hiyo haimponyi mtu kabisa, lakini huzima utengenezaji wa virusi, hutuliza vita na kuliacha ini lipumue. Hata makovu huweza kupungua. Hatari ni kuiacha ghafla bila ushauri: virusi hufumuka upya, na kinga huweza kulishambulia ini kwa nguvu kuliko awali.

Mgonjwa hutakiwa kuacha pombe kabisa, na kumwambia daktari kila dawa anayoitumia, za hospitali na za mitishamba. Baadhi ya mitishamba inayouzwa kwa jina la "kusafisha ini" hulidhuru zaidi, na hata tembe za kawaida za maumivu kama paracetamol zikizidi kipimo ni sumu kwa ini.

Nyumbani, hakuna haja ya kumtengea sahani wala kikombe. Virusi vya B haviambukizwi kwa kula pamoja, kukumbatiana, kupeana mikono au kukohoa. Kinachotengwa ni wembe, mswaki, kikata kucha na kitu kingine chochote kinachoweza kubeba damu. Mume au mke na watoto hupimwa, na wasio na virusi huchanjwa dozi tatu: ya leo, ya baada ya mwezi mmoja, na ya mwezi wa sita. Mwenye virusi anayekabiliwa na hatari kubwa zaidi, hasa aliyefikia sirosisi au ambaye jamaa yake amewahi kupata saratani ya ini, hupigwa picha ya ultrasaundi kila baada ya miezi sita. Uvimbe ukionekana ungali mdogo, waweza kukatwa au kuchomwa kabla haujaenea. Ukisubiri mpaka ubavu wa kulia uanze kuuma, utando ule wa juu huwa tayari umevutwa.